Sare ya Gramafoni

"Haivai, Shangazi! Nimesema haivai!" Gerson alikuwa kapiga magoti sakafuni, stepla ya makochi mkononi, na sauti ilishaanza kumkauka. "Hii ni gramafoni, siyo mtu. Gramafoni haivai sare!"

"Kwa hiyo sisi ukoo mzima tuvae, yenyewe ikae uchi mbele ya mchungaji?" Shangazi Severina hakuwa anaongea, alikuwa anatangaza. Kashika kipande cha kitenge cha zambarau chenye miavuli ya njano, anakipunga kama anafukuza kuku kwenye mahindi. "Mbele ya wageni wa Ujerumani? Yelewi! Watasema watoto wa Mzee Clement wamekosa hata kitambaa!"

"Si nimeshaiwekea? Hiki hapa ni nini?"

"Hiki chandarua?"

"Siyo chandarua."

"Naona mpaka mbao za tumboni! Goodness, hebu njoo uone kaka yako kaiwekea gramafoni ya babu yenu chandarua."

Goodness, binti wa mwenye nyumba, hakuinuka. Alikuwa kajilaza kwenye kochi, simu juu ya pua. "Mwache tu, Shangazi. Hapa Kihesa mbu wameongezeka."

Chumba cha nyuma cherehani ikasimama kidogo, Mama mkubwa Faustina, mama yake Goodness, akacheka huko huko alipo, halafu cherehani ikaendelea, taka-taka-taka, kama haijasikia kitu.

Hiyo cherehani ndiyo ilimtoa Gerson kwao Mbalizi mpaka hapa Iringa. Asije mtu akadhani ni mapenzi ya muziki wa zamani. Ilikuwa ya baba yake, Edmund, aliyeshona watu suruali pale sokoni Mbalizi miaka kumi na nane. Alipofariki, matanga yalipoisha na watu wakaanza kugawana vitu, mmoja koti, mwingine viatu, kaka mtu Sosthenes akasimama na sauti yake ya ofisini akasema cherehani itakwenda Iringa, kwake, ikatunzwe mpaka mtoto amalize shule. Ikafungwa juu ya basi na kamba ya katani. Gerson alikuwa kidato cha pili, akaisindikiza kwa macho mpaka basi lilipokata kona.

Shule kaimaliza mwaka juzi. Kila akipiga simu anaambiwa kuna utaratibu.

Utaratibu! Baba mkubwa Sosthenes alikuwa afisa elimu kata, akastaafu mwezi wa saba, lakini ukimsikiliza anavyosimulia utadhani wizara nzima ilikuwa inamsubiri yeye aamke ndiyo ifungue madirisha. Kila kitu kwake kina utaratibu. Kuoga kuna utaratibu. Kumenya ndizi kuna utaratibu. Sasa alikuwa kakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu kaikunja, miwani kaishusha kwenye ncha ya pua, anatazama ugomvi wa sebuleni kwake kama anakagua darasa.

"Gerson," akasema.

"Naam, Baba mkubwa."

"Kidato cha nne ulipata nini?"

Gerson akajua hiyo inakokwenda. "Four."

"Four ya ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Pointi thelathini na mbili," Baba mkubwa akamwambia Shangazi Severina, kama yeye alikuwa hajui, kama ukoo mzima kuanzia Ipogolo mpaka Tunduma haujui. "Na bado anabishana na kamati."

Maana ilikuwepo kamati. Kesho yake, Jumapili, kulikuwa na ibada ya shukrani ya Baba mkubwa kustaafu, na ibada hiyo ilikuwa na kamati ya chakula, kamati ya mapokezi, na kamati ndogo ya mavazi, mwenyekiti Severina, katibu Goodness. Kamati ndogo ilikaa, ikachagua kitenge cha miavuli, halafu, kwa vile sare ilikuwa imewakolea, ikaamua kwamba vitu vyote vya heshima vitakavyokaa mbele ya wageni navyo vivae. Meza kuu ivae. Kigoda cha keki kivae. Kiti cha Baba mkubwa kivae. Na gramafoni ya Mzee Clement, ambayo kwenye ratiba ilipangiwa saa nane kamili baada ya risala, ivae.

"Soma kumbukumbu," Baba mkubwa akaagiza.

Goodness akasoma kwenye simu bila kubadilisha mlalo. "Kipengele cha nne. Gramafoni ibadilishiwe kitambaa cha mbele kilichooza, iwekewe sare ya ukoo. Fundi, Gerson. Halafu kuna emoji, vikofi vitatu na maua."

"Umesikia?"

"Nimesikia," Gerson akasema. "Ila waliokaa hicho kikao hakuna hata mmoja anayejua kile kitambaa kina kazi gani."

Na kweli hakuna aliyejua. Nyumba yenyewe ilikuwa ya namna hiyo, nyumba ambayo kila kitu kimevaa. Friji lina kitambaa. Televisheni ina kitambaa, tena ukitaka kuangalia taarifa ya habari unainua pazia kama unachungulia bafuni. Chupa ya chai ina kofia ya sufu, rimoti iko kwenye nailoni tangu inunuliwe, na makochi yana vitambaa vya kufuma vilivyopigwa wanga mpaka ukiegemea vinakukwaruza shingo. Sasa ndani ya nyumba kama hiyo mtu akiona kitambaa kwenye gramafoni, atajuaje kwamba chenyewe hakipo kwa ajili ya urembo?

Gramafoni ilikuwa sanduku refu la mbao, linamfika mtu kiunoni. Unafunua mfuniko, unaweka santuri, unazungusha mkono wa chuma ubavuni kama unasukuma pampu, unashusha sindano. Umeme haina. Sauti inashuka kwenye bomba lililojificha tumboni na inatokea mbele, kwenye kidirisha chenye nguzo za mbao, na nyuma ya nguzo hizo ndipo kinakaa kitambaa, kuzuia vumbi na panya wasiingie. Basi. Vumbi lisiingie, sauti itoke. Panya wa Kihesa walikuwa wameshakula nusu, nusu iliyobaki ilikuwa imeoza, ukiigusa inakuwa unga.

Mzee Clement aliipata kwa wamisionari walipoondoka. Alikuwa mpishi wao. Hilo kila mzee wa Iringa analijua, alikuwa anapika supu ya viazi na kukaanga mayai. Lakini kwenye risala ya kesho, ambayo Baba mkubwa alishaipigisha chapa, Mzee Clement alikuwa "mshauri wa karibu wa misheni". Gerson aliisoma asubuhi mezani akiwa anakunywa chai, chai ikampalia.

Wiki tatu kabla, Baba mkubwa alimpigia simu akiwa kazini, kwenye karakana ya makochi ya Fundi Yunusu. "Nasikia umejifunza vitambaa. Njoo uivalishe gramafoni ya babu yako. Ikiimba tu, cherehani ya marehemu baba yako chukua, uende nayo." Simu ilikuwa kwenye spika, mikono ina gundi. Yunusu akasikia. Yunusu, ambaye wazazi wake walitoka Tanga na bado anaongea Kiswahili kama anasoma gazeti, akamwambia, "Nenda, kijana. Ukirudi na cherehani, upande ule wa kibaraza ni wako, viti vya bajaji vyote utashona wewe. Usiporudi nayo, mwisho wa mwezi namweka mwingine. Siwezi kuwa na mafundi wawili wanaopokezana cherehani moja kama mswaki."

Basi Gerson akaja. Na alikuja kajipanga. Alipekua mitumba ya Mbalizi siku mbili akitafuta kitambaa, akapata pazia la zamani la pamba, rangi ya majani ya chai, limefumwa wazi lakini nyuzi zimenyooka. Alilipima kama Yunusu alivyomfundisha kupima vitambaa vya spika: unakiweka mdomoni, unapuliza, mkono uko upande wa pili. Pumzi ikikupata kiganjani, kitambaa kinafaa. Isipokupata, rudisha. Muuza mitumba alimwangalia anapuliza mapazia, akauliza kama anaumwa.

Asubuhi hii ya Jumamosi alifungua kidirisha, skrubu nne. Akalainisha gundi ya zamani kwa kitambaa chenye maji ya moto, akaikwangua na kisu polepole asichane mbao. Akakata pazia akaacha vidole viwili kila upande. Akaanza katikati, pini moja juu, moja chini, moja kushoto, moja kulia, akivuta sawasawa ili nyuzi zisimame wima zisipinde, halafu ndiyo akaenda pembeni. Saa mbili nzima za kazi. Kazi safi, hata Yunusu angekosa la kusema, na Yunusu hakosi la kusema. Ndipo Shangazi Severina alipoingia na kitenge.

"Sawa," Gerson akasema sasa, akainuka, magoti yanalia. "Msinisikilize mimi. Sikilizeni yenyewe."

Akafunua mfuniko. Santuri nzima ilikuwa imebaki moja tu, nyingine zote watoto waligeuza sahani za kupikia udongo zamani hizo. Akazungusha mkono mara ishirini, akashusha sindano.

Mwanzo ilikuwa kama mtu anakaanga vitunguu. Halafu wanaume wakaimba. Wanaume wengi, Wajerumani, waliokufa zamani, wanaimba wimbo wa kanisani ambao kila Mlutheri wa Iringa anaujua kwa maneno yetu, na sauti ikatoka kwenye kile kidirisha ikajaa sebule, ya chini inasikika, ya juu inasikika, hata yule mmoja anayechelewa kidogo kila mstari anasikika. Cherehani chumba cha nyuma ikasimama. Goodness akashusha simu kifuani. Shangazi Severina, na kitenge chake begani, akaanza kuimba sauti ya pili kwa chini, macho kafumba, mguu unapiga.

Wimbo ukaisha. Gerson akainua sindano. Alijaribu kuweka uso wa mtu ambaye hajali, akashindwa, akatabasamu mpaka masikioni.

"Imeimba," akasema Baba mkubwa.

"Imeimba, Baba mkubwa."

"Hongera. Sasa ivalishe."

Tabasamu likadondoka. "Baba mkubwa, si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia kwa masikio. Wageni wana macho pia. Nimeshawaandikia kwamba vyombo vyote vya ukoo vitakuwa na sare. Picha zitapigwa. Unataka kwenye picha iwepo mimi, mchungaji, wageni, wote zambarau, na katikati sanduku lina pazia la mitumba?"

"Mjue hiki kitenge kimebana, hakipitishi hewa. Tazameni." Akakichukua begani kwa Shangazi, akakiweka mdomoni, akapuliza mpaka mashavu yakavimba. Kitenge kikatoka tumbo kama puto, pumzi ikarudi ikamtoka puani.

"Usinitemee mate kwenye sare," Shangazi akamnyang'anya.

"Sauti inapita wapi, Shangazi?"

"Itapita. Mbona sisi tunavaa na tunaimba?"

Gerson alimtazama akatafuta kama anatania. Hakuwa anatania. Mwenyekiti wa kamati ndogo ya mavazi alikuwa anaamini kwa moyo wake wote kwamba kama yeye anaweza kuvaa kitenge na akaimba kwaya, basi na gramafoni itaweza.

Gerson akamgeukia Baba mkubwa. "Nikiivalisha, naondoka na cherehani?"

"Tulishaongea."

"Leo?"

"Leo."

"Mbele ya Shangazi na Goodness unasema?"

"Mimi nimetumikia serikali miaka thelathini na minne," Baba mkubwa akasema. "Sisemi kitu mara mbili."

Na kweli neno cherehani hakulitaja hata mara moja, lakini hilo Gerson alikuja kuliona baadaye. Wakati huo alikuwa anaona kibaraza cha Mbalizi, viti vya bajaji vimepangana, na yeye kakaa nyuma ya chuma cha baba yake. Akasema moyoni, wacha wavae. Gramafoni siyo yangu, masikio siyo yangu, aibu ya kesho saa nane siyo yangu. Akapiga magoti tena.

Akang'oa pini zote. Pazia lake likatoka zima, akalikunja akalitia kwenye begi. Akaweka kitenge. Shangazi akasimama nyuma yake, pua karibu na sikio.

"Nguzo zinaonekana."

"Zinaonekana kwa sababu zipo, Shangazi."

"Weka mbili mbili."

Akaweka mbili mbili.

"Mbona kinalegea hapo katikati? Kinaonekana kama tumbo la mlevi wa ulanzi. Faustina! Wifi! Leta kile kitambaa kigumu cha kola!"

Mama mkubwa Faustina akaleta kile cha kuwekea ndani ya kola za mashati ili zisimame, kile ambacho hata mvua haipenyi. Kikaingia katikati ya vitenge viwili. Gerson alivuta, akabana, akapanga mwavuli mmoja mzima uingie katikati kabisa ya kidirisha na mingine miwili iwe pembeni, sawasawa, maana kazi mbaya ni kazi mbaya lakini mkono haujui kufanya ovyo. Akarudisha skrubu nne. Akafuta vumbi na kiganja.

Ilipendeza, tuseme ukweli. Ilikuwa kama mama wa kanisa aliyefika mapema na kukaa benchi la mbele.

"Haya!" Shangazi akapiga makofi. "Si unaona? Ulikuwa unabisha nini?" Akapiga kigelegele kifupi cha majaribio.

"Iwashe," akasema Baba mkubwa.

Gerson akazungusha mara ishirini. Akashusha sindano.

Vitunguu vikakaangwa, tena hivyo vilisikika vizuri kwa sababu vilikuwa vinatokea juu, kwenye mfuniko. Halafu wanaume wakaanza kuimba huko chini. Yaani unajua wanaimba kwa sababu uliambiwa. Ilikuwa kama kwaya imefungiwa kwenye ghala la mahindi na magunia yamerundikwa mlangoni. Sauti za juu zimekufa zote. Za chini zinagonga kile kitambaa kigumu nacho kinatetemeka, zzzz, zzzz, kila mstari, kama nzi kwenye kopo.

"Mbona inasinzia?" Shangazi akauliza.

"Haisinzii," Goodness akasema. "Imejifunika blanketi. Baridi ya Iringa."

"Ongeza sauti."

"Haina pa kuongezea," Gerson akasema. "Nilishawaambia. Imevaa."

Baba mkubwa alisubiri mpaka santuri ikaisha yote, maana mtu mwenye utaratibu huwa hakatizi. Akavua miwani, akaifuta na shati.

"Umeiharibu," akasema.

Gerson akadhani kasikia vibaya. "Mimi?"

"Asubuhi ilikuwa inaimba. Umeifungua, umeifunga, sasa haiimbi. Nani mwingine kaigusa?"

"Baba mkubwa, ilikuwa inaimba na kitambaa changu! Hicho mlichosema chandarua!"

"Ilikuwa haijavaa. Kazi ilikuwa haijaisha. Sasa imevaa na haiimbi. Makubaliano yalikuwa ikiimba, siyo ikivuma." Akairudisha miwani. "Cherehani itabaki kwanza. Tutapanga utaratibu mwingine mwakani, ukishatulia."

Gerson akaanza kucheka. Hakutaka, ikamtoka tu. Ikiimba haijavaa, ikivaa haiimbi. Angekaa hapo Kihesa mpaka aote ndevu nyeupe, anang'oa pini na kurudisha pini. Mtu kakaa darasani miaka yote hiyo, kapanda cheo, kastaafu na cheti cha shukrani ukutani, na akili yote hiyo imetumika kumnyima mtoto wa mdogo wake kitu kimoja.

"Kwani Baba Goodness hukumwambia?" Mama mkubwa Faustina alikuwa kasimama kwenye korido, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Yeye alisema kwa wema kabisa, kama anayesaidia. "Mwanangu Gerson, cherehani haiwezi kutoka. Nimeshapokea vitambaa vya kwaya ya akina mama, vya Krismasi. Sare hizi zote za ukoo nimeshonea hiyo. Hiyo chuma ya shemeji Edmund, jamani, inapita mpaka kwenye turubai. Ikitoka mimi nitashonea nini?"

Shangazi Severina akatazama kitenge chake mwenyewe alichovaa, kama ndiyo kwanza anakiona kimeshonwa na nini. Goodness akarudisha simu usoni. Baba mkubwa akatazama nje dirishani, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa mpapai wa jirani.

"Kumbe," Gerson akasema.

"Siyo kumbe," Baba mkubwa akasema bila kugeuka. "Ni matumizi. Kitu kikikaa bila kutumika kinashika kutu. Tumekutunzia."

"Tangu lini mlipanga kunipa?"

"Gerson, adabu."

"Nauliza tu. Mwaka gani? Goodness, soma kumbukumbu. Kipengele cha ngapi?"

Goodness akaizima simu.

Gerson akaokota bisibisi sakafuni, akapita mbele ya Baba mkubwa, akampita Mama mkubwa koridoni kwa "samahani, Mama mkubwa", akaingia chumba cha nyuma. Cherehani ilikuwa pale karibu na dirisha, nyeusi, na chini ya sindano blauzi ya zambarau imekaa nusu. Akainua mguu wa sindano. Akaitoa blauzi taratibu, akakata uzi na mkasi, akaikunja ikalala vizuri juu ya kitanda, miavuli juu. Akashusha mkanda wa ngozi kwenye gurudumu. Halafu akakilaza kichwa cha cherehani kwa nyuma kama baba yake alivyokuwa anakilaza akitia oili, akafungua zile skrubu mbili za bawaba. Dakika tatu haziishi. Skrubu zilikuwa zimebanwa sana, tena aliyezibana mara ya mwisho hakuwa mtu wa nyumba hii.

"Anafanya nini?" Shangazi kutoka sebuleni.

"Anafungua!" Mama mkubwa akalia. "Baba Goodness, anafungua! Blauzi ya Goodness bado mkono mmoja!"

"Mama, kesho mimi nitavaa mkono mmoja?" Sasa Goodness alikuwa kakaa wima.

Gerson akatokea na chuma begani. Kizito kile, kinamkandamiza shingo, harufu ya oili ya mashine ikamwingia puani. Begi mgongoni. Meza na miguu na pedali kaviacha palepale.

"Rudisha hicho chuma," Baba mkubwa akasema. Alikuwa kasimama. Akiwa kasimama alikuwa mfupi kuliko akiwa kakaa. "Huo ni wizi. Nampigia mwenyekiti wa mtaa."

"Mpigie. Mwambie mtoto wa Edmund kachukua cherehani ya Edmund. Akiuliza kwa nini, msomee ile risala ya mshauri wa misheni, atajua ukweli wa nyumba hii ni wa namna gani."

"Pointi thelathini na mbili!"

"Thelathini na mbili, Baba mkubwa. Na skrubu mbili."

"Mwanangu," Mama mkubwa akasema, mikono kichwani, "na meza je? Umeniachia meza ina tundu katikati!"

"Itawekewa kitambaa, Mama mkubwa. Hapa hamkosi."

Shangazi Severina alikuwa kasimama kati ya gramafoni na mlango. Alimwangalia Gerson, akaangalia kile chuma, mdomo ukafunguka, na Gerson akangoja, maana huyu ndiye dada wa baba yake wa tumbo moja, huyu ndiye aliyelia mpaka akazimia kwenye matanga kule Mbalizi. Labda angesema jambo.

"Na gramafoni?" Shangazi akasema. "Kesho saa nane iko kwenye ratiba! Wageni wakiuliza kwa nini haiimbi tuwaambie nini?"

"Waambie inaimba sauti ya pili, Shangazi. Kama wewe. Shikamooni."

Baba mkubwa alikuwa anatafuta namba kwenye simu, anaisogeza mbali na uso, anaisogeza karibu, na Mama mkubwa anamwambia siyo hiyo, hiyo ni ya fundi bomba. Gerson akaihamishia cherehani bega la kushoto ili mkono wa kulia uwe huru, akatoka barazani kwenye baridi, akaufunga mlango.